Mzee Akikosea Mstari, Mwambie

Mtu yeyote anayejitolea kunisaidia kufundisha darasa la wazee la kuchora, pale ufukweni Bagamoyo, nampa sharti moja kabla hajashika hata ndoo ya maji: asipige makofi. Wengi hulipokea kwa mshangao. Wamekuja na nia njema, wanamwona bibi wa miaka sabini na ushei ameshika burashi kwa mara ya kwanza maishani mwake, na wanaona haki yake ni kushangiliwa. Bahari ameipaka buluu tupu toka juu hadi chini, mnazi ameusimamisha katikati ya karatasi bila kivuli, na kijana wa watu anamwambia, "Bibi, umetisha! Safi sana." Bibi anatabasamu kwa adabu. Akifika nyumbani anaikunja karatasi ile na kuisukuma mvunguni, maana macho anayo, na minazi ameishi nayo tangu azaliwe.

Makofi ya namna hiyo humwambia mtu kwamba hatukutegemea kitu kutoka kwake. Hakuna anayempongeza seremala kwa kuwa ameweza kushika randa. Tunamshukuru akituletea mlango unaofunga.

Ninachokitetea hapa ni chepesi kukisema na kigumu kukitenda. Mzee aliyekuja kujifunza kuchora afundishwe kuchora. Akosolewe, apewe kazi ngumu, aambiwe mstari umepotelea wapi na aonyeshwe namna ya kuurudisha.

Kwetu mzee ni mtoaji. Anaombwa radhi, anaombwa nasaha, anaitwa kwenye posa na kwenye kikao cha mirathi, anahojiwa na mwanafunzi wa chuo anayeandika kuhusu mila. Oktoba 1 ikifika, Siku ya Wazee Duniani, anakalishwa chini ya turubai, anasikiliza hotuba kuhusu matibabu na pensheni, kisha anarudi nyumbani na khanga na kilo ya sukari. Madai ya pensheni nayaunga mkono kwa moyo wote: Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, na huku Bara bado tunasubiri. Ila katika shughuli zote hizo sijapata kusikia mzee akiulizwa ni kitu gani asichokijua ambacho angependa kukijua.

Haikuwa hivi siku zote. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi nzima ikaingia darasani, mengine ya madarasa hayo yakiwa chini ya miembe. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, na kutoka hapo wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule, leo ndiye mwanafunzi wangu. Darasani kwangu wamo waliofundisha kisomo na wamo waliofundishwa. Mwalimu mmoja mstaafu aliniona siku moja nikizungukazunguka kwa maneno matamu mbele ya mwenzake aliyekosea, akaniita pembeni. "Sisi tulikuwa tunamwambia mtu wa miaka sitini kwamba herufi yake imepinda," akasema, "na alikuwa anaifuta, anaiandika upya. Wewe unaogopa nini?"

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nawatoa wazee nje ilhali kuna kumbi zenye feni, meza na choo. Sababu kubwa ni mwanga. Ukumbini mwalimu huweka kikapu cha maembe mezani na kikapu hubaki vilevile mpaka mwisho wa kipindi. Nje, kivuli cha mashua kinasogea wakati wewe unakichora. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna alasiri ndefu za mwanga wa ubavuni wanazozifaidi wachoraji wa Ulaya majira ya joto. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua la Bagamoyo linatokea baharini na kumulika kila kitu kutoka upande mmoja, shina la mnazi likionyesha wazi nusu yake ya mwanga na nusu yake ya giza. Saa tatu mambo yamekwisha, kila kitu kimekuwa bapa. Na kama una bahati ya kuwapo wiki ya kwanza ya Machi, au ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa na mlingoti uliosimama wima hauna kivuli cha kuchora. Kwa hiyo kipindi chetu ni kifupi, na mwanafunzi hujifunza mapema kuchagua: kivuli cha saa moja kiwekee alama, kifuate hicho hicho hadi mwisho, usikimbizane na jua.

Bahari nayo haitulii. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana, na siku za bamvua mashua uliyoanza kuichora ikielea utaimalizia imelalia ubavu kwenye tope. Mimi huwa sitazami jedwali lolote. Nahodha mstaafu aliyemo darasani huhesabu tarehe za mwezi, akaniambia Jumamosi ipi tuanze na maji na ipi tuanze na miti. Hapo yeye ndiye mwalimu, na hilo halimpunguzii chochote saa moja baadaye ninapomwambia kwamba tanga lake limekosa uzito.

Kisha kuna rangi yenyewe ya maji. Watu wazima wengi hupaka bahari buluu kwa sababu waliambiwa utotoni kwamba bahari ni ya buluu. Nawaomba waitazame bahari iliyoko mbele yao. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini ya mji, na baada ya mvua za masika maji ya karibu huwa na rangi ya chai ya maziwa, mbele kidogo kijani kilichochujuka, na mstari mwembamba wa buluu huwa mbali kabisa, kama upo. Mwanafunzi anayetazama kwa dakika tano bila kugusa burashi hugundua haya mwenyewe. Asipogundua, namwonyesha. Sifichi.

Niseme pia jambo ambalo mwalimu wa Bagamoyo hawezi kulikwepa. Wazee wangu wengi ni Waislamu, na wapo wasioridhia kuchora kiumbe chenye roho. Sibishani nao, wala sioni kama ni kikwazo. Miti, majengo, mashua na mawingu ni elimu isiyokwisha, na mtu anaweza kukaa miaka mitatu kwenye ukuta wa Ngome Kongwe asimalize kuelewa jinsi chokaa chakavu inavyobeba mwanga. Hata burashi zina suala lake: nyingi za rangi ya mafuta hutengenezwa kwa nywele za nguruwe. Zetu ni za nailoni, na hilo nalitangaza siku ya kwanza, kabla mtu hajaona haya kuuliza.

Mambo ya mwili yanataka mipango, na mipango ni sehemu ya heshima. Mahali pa kuchorea napachagua kwa kutazama choo kwanza, mandhari baadaye. Vidonge vingine vya shinikizo la damu humfanya mtu aende haja mara kwa mara, na mzee asiyejua choo kiko wapi ataacha kunywa maji, wakati huo umri wenyewe umeshampunguzia hisia ya kiu. Kiti kiwe na mgongo. Karatasi iwe kivulini, kwa sababu karatasi nyeupe juani inaumiza macho na kumdanganya mchoraji achanganye rangi nzito kupita kiasi. Akiipeleka nyumbani picha inageuka usiku. Mwavuli uwe mweupe au mweusi, maana mwavuli mwekundu hutia wekundu karatasi nzima. Kwa mkono unaotetemeka tunaviringishia mpini wa burashi mpira wa tyubu ya baiskeli hadi unene, na tunatumia karatasi kubwa ili mtu achore kwa bega badala ya vidole. Vibanio vya nguo vinazuia karatasi, kwani kusi ikivuma haina mjadala na mtu.

Macho yanastahili maelezo marefu zaidi. Kadiri umri unavyoongezeka lensi ya jicho hupata umanjano na mboni haifunguki kama zamani. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Buluu iliyokoza na nyeusi huanza kufanana, zambarau inakaribia kahawia. Claude Monet, Mfaransa aliyezoea kuchorea nje maisha yake yote, aliambiwa mwaka 1912 kwamba ana mtoto wa jicho. Hakufanyiwa upasuaji mpaka 1923. Katikati ya miaka hiyo picha zake zilielekea wekundu na kahawia, na akawa anategemea majina yaliyoandikwa kwenye tyubu za rangi. Ndiyo maana vifuniko vyote vya rangi zetu vina majina kwa herufi kubwa. Na pale mtu niliyemzoea anapoanza kuchanganya buluu na nyeusi, simwambii kwamba ana mtindo wake. Namwita mwanawe au mjukuu wake, nawaomba wampeleke kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza duniani kwa kupofusha watu, na upasuaji wake unarudisha nuru. Mwalimu anayesifia kila kitu hawezi kuliona tatizo hilo, kwa kuwa yeye hatazami rangi, anatazama umri.

Sasa nije kwenye ufundishaji wenyewe, ambako ndiko ninakopendwa na kuchukiwa.

Shida ya mtoto anayejifunza kuchora ni kwamba hajui vitu. Shida ya mzee ni kwamba anavijua mno. Darasani yumo fundi wa majahazi ambaye mikono yake imejenga vyombo vilivyokwenda Unguja na Mafia. Nilipompa kazi ya kuchora mashua iliyoegeshwa mchangani, alichora kila ubao, wa upande huu na wa upande wa pili, mataruma ya ndani yakionekana kana kwamba chombo kimefumuliwa. Nikamwamkia tena, nikaomba kukaa kitini mwake.

"Mzee, ubao huu nauona. Huu wa pili uko wapi?"

"Upo, mwalimu. Hakuna mashua bila huo."

"Upo, sikatai. Ukikaa hapa, unauona?"

Akafumba jicho moja. Akainama, akasogea kushoto, akarudi. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani nimemkosea adabu. "Siuoni," akasema, na akaanza kufuta. Wiki zilizofuata alifuta sana. Alikuwa akikasirika, akiacha burashi, akienda kunywa maji, akirudi. Kisha ikaja asubuhi alipochora mstari mmoja tu, ule wa ubavu unaoteremka kutoka omo, ukabinuka tumboni na kupanda tena kuelekea tezi, na mstari ule ulikuwa na uzito wa chombo kizima ndani yake. Hakuna mwanafunzi wa chuo niliyewahi kumfundisha anayeweza kuuchora. Ujuzi wake haukuwa adui. Ulitakiwa ungoje zamu yake nyuma ya macho. Kama ningempigia makofi siku ya kwanza, angebaki na mbao zake za pande mbili mpaka leo, na sisi tungekosa mstari ule.

Upeo wa macho nao huwasumbua karibu wote. Huupandisha juu sana kwenye karatasi, juu ya vilele vya milingoti, kwa kuwa wanajua bahari ni kubwa. Nawaambia upeo uko usawa wa jicho lako siku zote: ukikaa unashuka nawe, ukisimama unapanda nawe. Mtu aliyekaa kwenye kiti ukingoni mwa maji, upeo wake uko kama kilomita nne tu mbele. Nahodha hahitaji kuelezwa, yeye amekwisha kuona maelfu ya vyombo vikichomoza tanga kwanza na mwili baadaye. Bibi mshonaji alilielewa kwa njia yake: alishika penseli mlalo mbele ya jicho, akaenda nayo hadi karatasini. Huyo ndiye hodari wetu wa nafasi tupu. Nilipowaambia wasichore matawi ya mwembe, wachore vipande vya anga vilivyobaki kati ya matawi, wenzake walinitazama kwa huruma. Yeye amekata vitambaa maisha yake yote na anajua kwamba umbo la kinachobaki ni umbo vilevile. Alimaliza kabla ya wote, na mwembe ulikuwa umejichora wenyewe.

Burashi yangu haigusi karatasi ya mwanafunzi hata siku moja. Nikitaka kuonyesha, naonyesha kwenye karatasi yangu. Salamu inatangulia: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, njoo unikaripie." Na kosa nalitaja kwa jina lake, kwamba mstari umeinama kushoto, au kwamba kivuli hiki kimezidi uzito wa kile kilicho karibu nasi, ili mtu apate pa kushika. Neno "nzuri" silisemi bila kuonyesha kidole mahali penyewe. Wapo waliokasirika wakaacha kuja, na mmoja wao bado namkumbuka kwa majonzi, kwani mkono wake ulikuwa mzuri. Hata hivyo wanaobaki hubaki miaka.

Siku hizi nasikia sana kwamba sanaa ni tiba kwa wazee. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na manufaa yaliyoorodheshwa humo ni mengi. Sina ugomvi nayo. Naona kwa macho yangu mikono ikilegea na usingizi ukirudi. Ninachokataa ni kuliuza darasa kwa jina la dawa, kwa sababu mara hiyo mwanafunzi anageuka mgonjwa, na hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba mnazi wake hauna mizizi. Anna Mary Robertson Moses wa Marekani, aliyezaliwa 1860, aliingia kwenye uchoraji alipokaribia miaka themanini kwa sababu baridi yabisi ilimfanya ashindwe kutarizi. Pengine rangi zilimpunguzia maumivu. Lakini aliendelea mpaka alipofariki mwaka 1961 akiwa na miaka 101 kwa sababu alikuwa na picha za kufanya.

Jambo jingine linalonitia wasiwasi ni soko. Mjukuu akisikia bibi anachora, swali lake la kwanza ni bei. Naelewa, maisha ni magumu. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kuchora mwaka 1968 akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akauza chini ya mbuyu pale Oyster Bay, na hadi alipouawa mwaka 1972 alikuwa ameacha njia inayolisha familia nyingi mpaka leo. Namheshimu mno. Hata hivyo mwanafunzi wangu akianza kuchora twiga ambaye hajapata kumwona, kwa sababu tu watalii hununua twiga, basi amerudi kwenye kuchora anachoambiwa. Vivyo hivyo na picha za simu. Wajukuu huwapigia picha ya ufukwe ili bibi akachore nyumbani bila taabu ya jua, na simu hubana vivuli vyote vikawa weusi mmoja usio na kitu ndani. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, amejulikana miaka yote kwa kupinga kunakili, na katika hili nasimama upande wake. Mwaka wa kwanza hatuuzi, hatunakili.

Kwa halmashauri zetu za miji ya pwani, siombi jengo wala fungu maalumu la sanaa ya wazee. Naomba madawati yenye mgongo chini ya miti iliyopo, na naomba miti hiyo isikatwe. Kwa walimu wa sanaa waliostaafu, ambao wengi mko nyumbani na ujuzi umekaa bure: kila mji una ufukwe, ziwa, soko au kilima, na kila mtaa una wazee watano watakaokuja ukiwaambia kwamba utawafundisha kweli. Anzeni na penseli na karatasi, rangi zitafuata. Na wale wenye funguo za vyoo vya umma, wavifungue saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili, mwanga tunaouhitaji umeshapita nusu yake.